Farasi wa mbio anapofundishwa kutembea

UKITOKA katikati ya jiji la Nairobi ukaifuata Barabara ya Ngong, ukapita Dagoretti Corner na kuendelea kuelekea Karen, utauona upande wa kushoto uwanja mpana wa majani unaopakana na msitu. Huo ndio uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, uliofunguliwa mwaka 1954. Wafanyabiashara wetu wanaofuata nguo Gikomba na vitambaa Eastleigh hawana sababu ya kufika huko. Ni upande mwingine kabisa wa jiji, na hakuna kinachouzwa cha kupakia kwenye basi. Mimi niliufahamu uwanja huo kabla sijaijua Gikomba, kwa sababu kwa miaka kadhaa ya ukimbizi wangu karo ya shule ilitokana na kinyesi cha farasi waliowahi kukimbia pale.

Nasema kinyesi bila aibu. Farasi mmoja mzima ana uzito wa kilo 450 hadi 500, anakula mchana na usiku, na kile anacholala nacho lazima mtu akizoe asubuhi. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Tulivuka mpaka kuingia Tanzania mwishoni mwa mwaka 1993, baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye. Nilikuwa na miaka 12. Mwaka 1995 mama yangu alitutoa kambini, akatufikisha Nairobi kwa njia ambazo hata leo hapendi kuzieleza, tukapanga chumba kimoja Kawangware. Jirani yetu wa mlango wa tatu alikuwa mzee Mkenya, saisi kwa kazi yake. Saisi ni mtunza farasi. Alikuwa ameanza kazi hiyo akiwa mtoto, enzi za Waingereza, na kutwa nzima alinukia majani makavu na mafuta ya ngozi. Shule zilipofungwa Aprili 1998, nikiwa kidato cha pili na deni la muhula mzima, alimwambia mama: "Mama, nipe huyu kijana. Hatakufa kwa kushika koleo."

Zizi lenyewe lilikuwa upande wa Karen, si la mbio. Lilikuwa la kufundishia watu kupanda, watoto wa shule za kulipia na watu wazima wenye nafasi. Farasi wengi wa pale walikuwa wametoka uwanjani, na hapo ndipo ilipo habari ninayotaka kuieleza. Watu wanaokwenda Ngong siku ya mbio humtazama farasi anayeshinda. Ni wachache wanaojiuliza anakwenda wapi yule aliyeacha kushinda.

Msomaji ambaye ni mfanyabiashara ataielewa hesabu hii haraka. Farasi wa mbio, wa ile aina iitwayo Thoroughbred, huanza kukimbia akiwa na miaka miwili au mitatu. Wengi huwa wameishapitwa na wakati kabla ya kufikisha miaka minane. Lakini farasi akitunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 25 na zaidi. Maana yake ni kwamba maisha yake makubwa yanabaki baada ya kazi yake kwisha, na kila siku ya maisha hayo inadai kilo kama kumi za majani makavu, maji ndoo kadhaa, mhunzi wa kwato, sindano za chanjo. Mwenye mali hawezi kumlisha bure miaka 15. Kwa hiyo ama apatiwe kazi nyingine, ama apigwe risasi. Ndivyo ilivyo, hata kama wanaopenda farasi hawapendi kuisema mezani.

Kazi nyingine ni kupandwa na mtu wa kawaida. Kwa mtu asiyejua, hilo linaonekana jambo dogo. Si ameishazoea kupandwa? Si ana tandiko mgongoni tangu utoto? Nami nilidhani hivyo.

Aprili hiyohiyo, wiki ya pili ya kazi yangu, lori lilimshusha farasi wa rangi ya kahawa iliyokaangwa sana, aliyehasiwa, mwenye miaka sita. Alikuwa na jina refu la Kiingereza la uwanjani ambalo hakuna saisi aliyelitamka. Tukamwita Kahawa. Alikuwa amekimbia misimu minne. Mshipa wa mguu wake wa mbele ulivimba, ukapona, lakini kasi haikurudi. Alishuka akitetemeka, jasho likimchuruzika, macho yakizunguka kote. Mzee hakumgusa. Alisimama pembeni ya bega lake, si mbele wala nyuma, akamwacha amnuse. Baadaye alinieleza kuwa farasi huona karibu pande zote kwa wakati mmoja, isipokuwa mbele kabisa ya pua yake na nyuma kabisa ya mkia. Ukimjia kutoka kule asikoona, kosa ni lako.

Kazi ya kwanza ilikuwa kutofanya kazi. Mhunzi alimvua viatu vyepesi vya alumini vya mbio. Daktari wa mifugo alimtazama meno, mgongo na miguu. Kisha Mzee akaanza kumpunguzia nafaka, kidogo kidogo kila siku, na kumwongezea majani. Uwanjani farasi hulishwa shayiri nyingi kwa sababu nguvu yake inateketea kila asubuhi kwenye mazoezi. Akikaa bila kukimbia huku anakula vile vile, ile nguvu hupanda kichwani, na tumbo nalo huharibika. Farasi wengi wa mbio hutoka kule na vidonda vya tumbo. Tumbo la farasi hutoa asidi saa zote, liwe na chakula au halina, kwa kuwa liliumbwa kwa mnyama anayetafuna majani mfululizo. Kumlisha nafaka kwa vipindi na kumfungia chumbani kutwa ni kumuunguza kwa ndani.

Hayo nayajua leo. Wakati ule nilichokiona mimi ni mnyama mkubwa ambaye kila siku kipimo chake cha chakula kinapunguzwa.

Anayesoma hapa ambaye amewahi kupanga foleni ya posho kambini hahitaji maelezo. Nilikuwa nimeona kikombe cha mahindi kikipunguzwa, kikawa nusu, kikawa "njooni kesho". Nilijua mtu anavyotazama debe linapofunikwa. Kahawa alikuwa akilitazama debe la shayiri kwa macho yale yale, anapiga mlango kwa kwato, na mimi nilikuwa na ufunguo wa stoo mfukoni. Jioni ya tano, Mzee alipokwenda kunawa, nilimjazia ndoo nzima. Siku iliyofuata nikamwongezea nyingine. Niliona fahari, kama niliyemlisha ndugu yangu.

Usiku ule wa pili niliitwa saa nne. Kahawa alikuwa anachimba sakafu kwa mguu wa mbele, anageuza shingo kutazama ubavu wake, analala, anainuka, anataka kubingiria. Ulikuwa msokoto wa tumbo. Farasi hawezi kutapika. Njia ya kwenda chini ipo, ya kurudi juu haipo, na kilichoingia vibaya kinaweza kumuua kabla ya asubuhi. Daktari alikuja na gari lake, akamchoma sindano ya maumivu, akapitisha mpira mrefu puani mpaka tumboni na kumimina mafuta. Akaweka sikio ubavuni kusikiliza kama utumbo unanguruma. Haukunguruma. Akatuambia tumtembeze asilale akabingiria, na kama hadi alfajiri hajatoa kitu, basi.

Tulimtembeza kwa zamu, Mzee na mimi, tukilizunguka zizi. Mvua ya Aprili ilikuwa inanyesha. Mnamo saa nane za usiku sikuweza tena, nikasema, "Mzee, ni mimi. Nilimpa shayiri."

Akasema, "Najua. Debe limepungua."

Tukatembea mzunguko mzima bila neno. Kisha akasema, "Umempa chakula cha mbio, na mbio hakuna. Uliona ana njaa?"

"Ndiyo, Mzee."

"Hakuwa na njaa. Alikuwa anaidai desturi yake. Sasa shika kamba, mimi nimechoka."

Saa kumi na moja na nusu Kahawa aliinua mkia, akatoa kinyesi kidogo, kigumu, kilichong'aa mafuta. Sijawahi kukizoa kinyesi kwa furaha kama ile. Mzee hakumwambia mwenye zizi yaliyotokea. Alinivua tu ule ufunguo.

Kuanzia hapo hadi Agosti Kahawa aliishi malishoni. Alipaswa kujifunza hata kukaa na wenzake, maana farasi wa mbio hutumia sehemu kubwa ya siku peke yake kati ya kuta nne. Jike mmoja mzee alimng'ata mara mbili tatu, akajifunza. Jioni wote walirudishwa ndani kabla jua halijazama, kwa ajili ya visubi. Wadudu hao wadogo, wanaouma wakati wa magharibi na usiku, ndio wanaoeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika, na farasi asiye na chanjo akiupata mara nyingi haponi. Ugonjwa huo upande mmoja na mbung'o upande wa pili ndio sababu mtoto wa kwetu, aliyekulia mwambao wa Tanganyika, anaweza kufikisha miaka 20 hajamwona farasi ila kwenye picha.

Agosti, shule zilipofunga tena, ndipo mafunzo yenyewe yalipoanza, na ndipo nilipogundua kuwa Kahawa alikuwa hajui karibu kila kitu ambacho nilidhani anakijua.

Hakujua kusimama. Uwanjani joki hapandi farasi aliyesimama. Hurushwa juu ya tandiko na msaidizi huku farasi anatembea, na wote wana haraka. Mtu wa kawaida hupanda kwenye kibao, anaweka mguu kwenye kikuku, anajivuta polepole, anatafuta mahali pa kukalia. Kwa Kahawa huo wote ulikuwa muda uliopotea. Mguu ukigusa tu kikuku, yeye amekwisha ondoka. Wiki mbili nzima hatukufanya lingine ila kupanda kibao na kushuka, kuegemea tandiko na kuondoka, kumlaza mkono mgongoni na kumpa karoti. Watoto waliokuja kujifunza walitucheka. Walidhani tumeogopa.

Hakujua miguu ya mtu. Joki hukunja magoti juu kabisa, vikuku vyake ni vifupi, uzito wake haukai mgongoni. Mpandaji wa kawaida huketi, na miguu yake huning'inia ikigusa mbavu. Mara ya kwanza Mzee alipoketi na kushusha miguu, Kahawa aliruka kama aliyeguswa na kaa la moto. Kugeuka upande mmoja alikuwa mwepesi, upande mwingine mzito kama mlango uliovimba kwa mvua. Mwendo wa matiti, ule wa kati usio wa kutembea wala wa kukimbia, aliufanya kama njia tu ya kufikia shoti.

Lakini kubwa kuliko yote ilikuwa hatamu.

Nitalieleza hili kwa kirefu, kwa sababu ndilo lililotaka kumuua. Kila anayepanda farasi hufundishwa siku ya kwanza kuwa ukivuta hatamu farasi husimama. Watu wengi wanajua hivyo hata bila kufundishwa, wameona kwenye sinema. Farasi wa mbio anajua kinyume chake. Joki huikaza hatamu katika mikono yote miwili, farasi anaegemea ile lijamu mdomoni kama mtu anavyoegemea ukuta anapotaka kusukuma, na kadiri mkono unavyokaza ndivyo anavyopata mahali pa kuegemea na kuongeza mwendo. Miaka minne mdomo wa Kahawa uliambiwa jambo hilo moja kila asubuhi. Kukazwa maana yake ni kukimbia. Mbio zikiisha, mikono hulegea, naye hupunguza.

Mwisho wa Agosti alikuja mgeni wa mwenye zizi, mtu aliyesema amepanda farasi tangu utoto, akaomba ajaribu yule mrefu wa rangi ya kahawa. Mzee alisema bado. Mwenye zizi alisema kidogo tu, ndani ya uzio. Nilikuwa nimeshika lango. Walitembea vizuri mizunguko miwili. Kisha ndege akaruka kutoka kwenye ua, Kahawa akashtuka hatua moja, na yule bwana akafanya ambalo yeyote angefanya, akavuta. Kahawa akaegemea. Bwana akavuta zaidi. Kahawa akaona ameombwa zaidi, akampa. Walipofika kona farasi alikata, mtu akaendelea moja kwa moja. Alivunjika mfupa wa bega.

Jioni ile nilisikia neno "kichaa" kwa mara ya kwanza. Farasi kichaa, hatari kwa watoto, haiwezekani. Mwenye zizi hakuwa mtu mkatili, naomba nieleweke. Alikuwa na zizi linaloishi kwa watoto wa watu, na alipiga hesabu. Alitaja risasi kama mtu anayetaja bili ya umeme.

Mzee alivua kofia. "Madam," akasema, "huyu si mkaidi. Huyu ametii. Ameambiwa kimbia, amekimbia. Nipe mpaka Desemba shule zikifunga, kisha uamue." Nilishangaa, kwa kuwa sikuwahi kumsikia akizungumza maneno mengi namna ile mbele ya mwajiri. Akapewa mpaka Desemba, majani tu, bila gharama ya ziada.

Kuanzia Septemba nilikwenda kila Jumamosi kwa miguu kutoka Kawangware. Mzee alianza upya, chini, bila kupanda. Alisimama kando ya kichwa cha Kahawa na hatamu mkononi, akaikaza kidogo sana, uzito wa kuku labda, na kungoja. Kahawa aliegemea. Mzee hakuongeza wala hakuachia. Alingoja. Ilipita dakika nzima, wakati mwingine mbili. Kisha Kahawa, pengine kwa uchovu tu, alirudisha kidevu nyuma kidogo, na mara hiyohiyo Mzee akaachia yote. Tena. Tena. "Hajifunzi kwa kuvutwa," aliniambia, "anajifunza pale unapoachia. Ukichelewa kuachia, hujamfundisha kitu, umemsumbua tu." Ni maneno yenye faida kwangu darasani kuliko vitabu viwili vitatu vya ualimu nilivyokuja kuvisoma.

Baadaye alimwendesha kwa kamba mbili ndefu akitembea nyuma yake, kisha kwenye duara kwa kamba moja, kushoto na kulia muda sawa. Oktoba alimpanda mwenyewe. Novemba alinipandisha mimi, kwa kuwa nilikuwa mwepesi, na kwa kuwa, nadhani, nilikuwa nadaiwa. Niliambiwa nikitishika nisivute, nitoe pumzi na kulegea. Jaribu wewe kulegea juu ya kilo 480 zinazotaka kuondoka. Nilianguka mara tatu. Mara ya nne alishtuka kwa mfuko wa plastiki uliopeperushwa na upepo, nikatoa pumzi, naye akasimama akageuza sikio moja nyuma kunisikiliza. Nalikumbuka sikio lile kuliko cheti changu cha kidato cha nne.

Mtihani wa mwisho wa farasi wa mbio si kizuizi cha kuruka wala kona ngumu. Ni kupitwa. Tangu utotoni amefundishwa kwamba farasi mwingine akitokea ubavuni, kazi imeanza. Desemba hiyo, mwenye zizi akiwa amesimama kwenye lango, tulikwenda kwenye njia pana kando ya miti, mimi juu ya Kahawa, na farasi watatu wakaja nyuma yetu kwa shoti nyepesi. Nilisikia mgongo wake ukipanda chini yangu kama unga uliotiwa hamira. Shingo ikawa ngumu, masikio mbele, anatetemeka mpaka vikuku vinagonga. Mikono yangu ilitaka kukaza yenyewe. Wakapita, mmoja, wa pili, wa tatu, vumbi likatupiga. Kahawa alipiga hatua mbili za upande, akakoroma puani, akaendelea kutembea.

Mwenye zizi alisema "Sawa," akaingia ndani kunywa chai.

Isidhaniwe kuwa wote huishia hivyo. Katika miaka ile niliona wanne au watano wakiletwa ambao hawakufaa. Mmoja miguu ilikuwa imekwisha, mwingine aliogopa kila mtu aliyeshika kitu mkononi, na Mzee, ambaye nilimdhania anaweza kila kitu, ndiye aliyesema waachwe. Hata Kahawa hakukamilika. Hadi mwisho hakuweza kubaki peke yake. Ukimwondolea wenzake alilia na kuzunguka mpaka ajae jasho. Lakini nilipoaga mwaka 2006, akiwa na miaka 14, alikuwa anabeba watoto wa miaka minane, kichwa chini, mdomo wa chini umelegea kama anayesinzia.

Nilirudi Burundi mwaka huo. Kuhunguka, kama tunavyosema kwetu, nilikudhania ni kufika. Nilikuwa na cheti cha ualimu cha Kenya na Kifaransa cha kuombea maji. Nilipangiwa darasa Rumonge, na miezi ya mwanzo wenzangu waliniona mjinga mwenye adabu. Mwaka 2008 na 2009 walipoanza kuingia watoto wa waliokimbia mwaka 1972, kutoka Katumba na Mishamo, waliosomea Kiswahili tangu darasa la kwanza, niliona yale yale yakiwapata. Mvulana mmoja wa miaka 13 hakujibu swali hata moja kwa wiki tatu. Kikao cha walimu kilikuwa kimeshaamua arudishwe madarasa mawili, pengine matatu. Nilimuita baada ya kipindi, nikamwandikia hesabu za sehemu kwa Kiswahili, zile zile alizoshindwa asubuhi. Alizimaliza kabla sijafunga dirisha. Alikuwa akiambiwa "simama" kwa neno ambalo kwake lilikuwa na maana nyingine, au halikuwa na maana. Nilikiomba kikao kimpe mpaka mwisho wa mwaka. Sikuwaeleza habari za farasi, wangenicheka.

Desemba 2023, mpaka wetu na Rwanda ukiwa haujafungwa tena, nilimsindikiza mdogo wangu kwenda Nairobi kufuata viatu. Nilimwacha Gikomba akibishana bei, nikapanda matatu kwenda Barabara ya Ngong. Barabara imepanuliwa, sikuitambua sehemu kubwa. Pale palipokuwa na zizi letu pana nyumba za ghorofa na lango lenye askari, aliyenitazama kwa huruma nilipomuuliza habari za farasi. Mzee alifariki miaka mingi iliyopita, hilo nilikuwa nimekwisha ambiwa kwa simu.

Mbele zaidi nililikuta zizi jingine. Saisi kijana, labda miaka 25, alikuwa anamzungusha jike mwekundu mwembamba kwa kamba ndefu. Sikuhitaji kuuliza ametoka wapi. Aliegemea kamba kwa shingo yake yote, na kijana alikuwa anangoja. Tulizungumza kama nusu saa. Ana wiki ya tatu tangu atoke uwanjani, alisema, na usiku anapiga mlango akidai nafaka.

Nilimuuliza wanafanyaje hapo.

Akacheka, akafungua kifungo cha juu cha shati kunionyesha. Ufunguo wa stoo ulikuwa shingoni mwake, kwenye kamba ya kiatu.